Kapu la Mchango wa Kiboko

Sogeeni hapa, na wewe huko nyuma acha kumfinya mwenzio. Hapo zamani za kale, kabla hata bibi yangu hajaota jino, Kiboko alikuwa mfinyanzi. Vyungu vyake vilikuwa vizuri, ila kuvitembeza juani hakuweza. Akamwajiri Bi Kindi. Wakakubaliana kwamba kila akiuza vyungu kumi, atapata pishi moja ya karanga.

Kindi akazunguka vijiji, ngo, ngo, ngo, akigonga vyungu ili wanunuzi wasikie kwamba havina ufa. Akauza vyungu themanini. Akaenda kuchukua pishi zake nane.

"Biashara imedorora, Bi Kindi," akasema Kiboko. "Njoo mwezi ujao."

Na kweli ghala lilikuwa tupu, maana kila alichopata alikitia tumboni. Mwezi uliofuata, maneno yakawa yale yale. Huku nyumbani watoto wanne wa Kindi wanaguguna magome ya miti, na yule mdogo amekonda mpaka mkia. Kindi aliumia sana. Lakini apigane na Kiboko kwa nguvu zipi?

Mara ya tatu akaja na upole. "Pole, bosi. Kwa hali hii, mbona majirani hawajakuchangia? Niwaambie?"

Macho ya Kiboko yakang'aa. "Waambie. Tena waambie wote."

Kindi akapita nyumba kwa nyumba. Asubuhi majirani wakajaa uani, na Mama Nyati, mshika kapu wa kijiji, akakusanya karanga mpaka kapu likafurika. Kiboko akanyoosha mikono.

"Taratibu, baba," akasema Mama Nyati. "Desturi yetu unaijua. Taja madeni yako, tuyalipe hapa hapa. Kitakachobaki ndicho chako."

Kumbe Kiboko hakuijua. Angeijulia wapi, na tangu azaliwe hajawahi kwenda kumchangia mtu?

Akamtazama Kindi kwa pembe ya jicho. "Mimi sidaiwi hata punje."

"Ala! Kama hudaiwi, shida yako iko wapi? Jamani, kila mtu achukue karanga zake."

Mikono ikaingia kapuni, chakacha, chakacha. Kapu likaanza kushuka, na jasho likamtoka Kiboko.

"Ngojeni kwanza. Nadaiwa. Pishi nane, na Bi Kindi."

"Za nini?"

"Za kazi ya kuuza vyungu vyangu," akajibu, kichwa chini.

Karanga zikarudi kapuni. Mama Nyati akapima pishi nane mbele ya wote, Kindi akazipokea. Kiboko akabakiwa na konzi mbili.

"Asante, bosi," akasema Kindi. "Kesho nije kuchukua vyungu?"

"Njoo," Kiboko akasema kwa sauti ndogo. "Ukiuza, pishi yako nitaitoa kwanza, kabla sijala."

Siku hiyo yule mdogo alikula mpaka akalala na karanga mkononi.

Yangu yameishia hapo, wanangu: aliyekufanyia kazi mlipe mapema, usingoje aibu ije ikulipishe.