Sigara Iliyolala Pamoja na Mvutaji Wake

Alikuwapo sultani, jina lake Badri bin Seifu, aliyeumiliki mji wa Shangamu, mji wa nyumba za makuti, na raia wake walipenda mambo mawili kupita yote: sigara baada ya chakula cha mchana, na usingizi baada ya sigara. Na mawili hayo yalipokutana kitandani, mtaa mzima uliteketea.

Humo aliishi msokota sigara, Mwanakheri binti Kombo, na babake mzee, ambaye godoro lake lilikwisha kushika moto mara mbili. Mwanakheri alimpenda kama mboni ya jicho lake, na kwa kumlinda, miaka mitatu hakuonja usingizi wa mchana.

Siku moja alipokuwa akisugua pete ya marehemu mamake, akatoka jini, akasema, "Labeka, bibi! Nikujengee kasri?"

"Sitaki kasri. Mzuie baba asilale na moto."

"Bibi yangu, nimewashinda mashetani saba, lakini mzee aliyeshiba pilau simwezi! Ila nakupa siri: moto wa sigara huishi kwa pumzi za mvutaji. Akilala, nao unyime pumzi."

Basi Mwanakheri akazivika sigara zake mikanda ya karatasi nene. Sigara ikivutwa, moto hupita, na ikiachwa, hufa penye mkanda. Akaenda kwa Sultani kuomba iwe sheria, na wasokotaji wenzake wakamfuata wakilia, "Maulana, huyu ataharibu ladha!"

"Nitaonja, kisha nitahukumu," akasema Sultani. Akala, akavuta, na kwa kuwa naye ni mtu wa Shangamu, akalala. Sigara ikamwangukia kwenye joho la hariri. Watumishi wakakimbilia mitungi, na Mwanakheri akasema, "Ngojeni!" Moto ukafika penye mkanda, ukafa.

Sultani akaamshwa na mkoromo wake mwenyewe, akayagusa majivu, yamepoa. "Kuanzia leo," akasema, "isiyo na mkanda isiuzwe." Kisha, kwa kuona haya, akamposa Mwanakheri.

Siku ya harusi ngoma zikalia, bibi harusi haonekani. Wakamkuta kwa babake: mzee anakoroma, sigara imezimika kifuani, na Mwanakheri, kwa mapambo yake yote, amelala fofofo mkekani kando yake.

"Msimwamshe," akasema Sultani, akaketi mlangoni kungoja.

Basi, ndugu msomaji, umpendaye ukishindwa kumwachisha, mkinge.