Miguu ya Dungu la Bi Zuhura

Kaeni vizuri. Mwenye kikohozi akohoe sasa, na mwenye haraka aende zake, maana hadithi hii nikiimaliza jibu sinalo. Nitawaachia ninyi.

Walikuwepo watu watatu wa familia moja, kule milimani Usambara, na kila mmoja alijaliwa kitu. Zayumba, mtoto wa kwanza wa Bi Zuhura, alijaliwa jicho: hakuna kitu kipya kilichoingia mjini Tanga asikione, na akikiona anajua kizuri na kibovu. Mwanaidi, dada yake, alijaliwa sikio: ng'ombe wa jirani akikohoa, yeye anajua ni yupi. Na Mhina, mume wa Mwanaidi, alijaliwa mkono. Alikuwa seremala, na kiti alichokitengeneza yeye hakikuyumba hata kikiwekwa juu ya mawe.

Bi Zuhura mwenyewe alibaki na magoti mabovu. Shamba lake la mahindi liko bondeni, nyuma ya nyumba, na mteremko ulikuwa umemshinda. Alitamani jambo moja tu: kukaa juani aliangalie shamba lake. Basi wakakubaliana kumjengea sakafu ya mbao nyuma ya nyumba, isimame kwa miguu juu ya mteremko. Alipoambiwa, alicheka mpaka akajipangusa macho.

"Kumbe mnanijengea dungu! Nimelinda mahindi juu ya dungu nikiwa binti, na uzee huu nitayalinda tena."

Ugomvi ulianzia kwenye mbao. Mhina alitaka mvule, juu mpaka chini.

"Mbao ni za mti, shemeji. Ukizipaka mafuta kila mwaka, zitatuzika sote."

Zayumba alitaka zile za kisasa, zinazopikwa kiwandani kwa plastiki kuukuu na unga wa mbao. "Haziozi, mchwa hawaziwezi, hazitaki mafuta. Nani atakumbuka kupaka kila mwaka? Wewe? Mlango wako mwenyewe una miaka sita haujaonja rangi!"

"Jua la saa nane likizipiga, mama atakuwa anakanyaga kikaango."

"Atavaa ndala."

Wakanuniana wiki mbili. Mwisho Mwanaidi akawapatanisha: plastiki iwe juu, mti uwe chini. Wakashikana mikono, naye akapika wali kwa furaha.

Sasa sikilizeni nani alifanya nini.

Mhina alichimbia miguu, lakini moyo wake ulikuwa bado umevimba. Mti wangu umefanywa wa kufichwa uvunguni, alijiambia, basi mvule wa nini? Akachukua mkaratusi mbichi, na ile oili chafu ya kupaka ili mchwa wasisogee akaiacha kwenye kopo. Aliona aibu kidogo. Akafukia mashimo, na aibu akaifukia humo humo.

Zayumba aliitazama miguu ile, akaona inaharibu sura ya sakafu yake nzuri. Hakuuliza ni mti gani. Akaagiza mbao zake zaidi, akazipigilia ubavuni pande zote mpaka chini, ikawa hakuna awezaye kuchungulia uvunguni. Wageni walisifu sana.

Mwanaidi alifagia pale kila asubuhi. Mwaka haujaisha, akasikia mlio mdogo wa kutafuna, kama mtu anayekula bisi kwa siri. Alijua ni nini. Akaenda amwambie mumewe, akamkuta anacheka na Zayumba kwenye simu, akanyamaza. Hawa wamepatana juzi tu, aliwaza, nikisema watagombana upya. Akajiahidi atasema kesho. Kesho zikawa nyingi.

Jioni moja, saa kumi, Bi Zuhura akaona kima wanaingia kwenye mahindi. Akasahau magoti. Akasimama, akapiga kelele za ubinti wake, "Huyoo! Huyoo!" na mguu akaupiga chini kwa nguvu. Dungu likainama upande mmoja. Ubao wa juu hata mmoja haukuvunjika. Miguu ndiyo iliyokatika, mchwa wameila ndani wakabakiza ganda. Bibi akateleza mpaka kwenye matuta ya mchicha, nguo zikampanda, mkono ukavunjika.

Aliyekuwa karibu ni Mhina. Mkwe hatazami mwili wa mama mkwe wake, hilo analijua kila mtu. Akageukia ukuta, akamwita mkewe. Lakini alipogeuka alishukuru moyoni kwamba ipo mila ya kujifichia asiitazame ile miguu, na shukrani ile ndiyo inayomchoma mpaka leo kuliko ule mkono wa bibi uliovunjika.

Mkono ulifungwa, unapona. Ila Bi Zuhura hatoki tena nje. Amevuta pazia la mlango wa chumbani, hata jua la kuota halitaki. Zayumba akaja mbio kutoka Tanga, wakasimama watatu nje ya pazia wakasema kwa pamoja, "Mama, tusamehe. Tumekosa."

"Nani?"

"Sisi sote, mama."

"Sote simjui. Kosa la wote halina mwenyewe, nami siwezi kumsamehe mtu asiyekuwepo. Aingie mmoja, aseme ni mimi niliyekuangusha. Nitampa mkono huu mzima, anitoe nje nikalione shamba langu. Wakiingia watatu, nageukia ukutani."

Wakatazamana.

"Ningeacha ubavu wazi, mchwa tungewaona," alinong'ona Zayumba. "Lakini miguu sikuichimbia mimi."

"Ningesema, asingekaa pale," Mwanaidi akalia. "Lakini mimi sikujenga."

Mhina aliliwaza lile kopo. Lingali limejaa oili, nyuma ya karakana yake. Lakini mkwe haingii chumbani kwa mama mkwe, seuze kumshika mkono. Na safari hii hakujua kama kinachomzuia ni heshima, au ni yale maficho yake ya siku ile. Aliinua mkono, ule mkono wake wa sifa, mpaka kidole kikagusa pazia.

Kule bondeni kima wanavunja mahindi, na hakuna wa kuwafukuza.

Haya, wasikilizaji wangu. Mmoja alichimbia, mmoja alifunika, mmoja alinyamaza. Yeyote kati yao angefanya lake sawasawa, bibi asingeanguka. Nani aingie? Je, wewe ungeamua vipi? Na kabla hujamtaja mtu, niambie kwanza: ungekuwa umesimama nao pale mlangoni, ungesogea mbele, au ungesogea pembeni kwa adabu umpishe mwenzako?