Udi wa Kwanza wa Mize

Hapo zamani, wakati ambapo habari za nyumba zilimfikia jirani kwa harufu kabla hazijamfikia kwa maneno, palikuwa na msichana wa visiwani aliyeitwa Mize binti Vuai. Mize alijaliwa pua. Haikuwa pua ya kusifiwa kwa sura; hilo lilikuwa na ubishi. Ilikuwa pua ya kunusa, na hilo halikuwa na ubishi hata kwa wasiompenda.

Baba yake, Mzee Vuai, alikuwa na duka la papa mkavu na samaki wa ng'onda waliokaushwa juani, naye akamweka Mize dukani. Mteja akiinua kipande, Mize hunusa, kisha hutamka kwa sauti ya kusikika mtaa mzima: "Hicho kimeanza kuharibika. Na hicho cha pili kinakifuata." Alilosema lilikuwa kweli. Wateja walimshukuru sana, wakaondoka mikono mitupu.

Siku moja Mzee Vuai alishindwa kuvumilia. "Toka!" akafoka. "Nenda ukaiuze hiyo pua yako, maana samaki wamekushinda!"

Mize akatoka analia, akaenda kwa shangazi yake, Bi Mwanakheri, aliyekuwa mshonaji. Akapewa sindano. Mishono yake ilikwenda upogo, lakini hilo lingerekebishika. Lisilorekebishika ni kwamba alinusa kila nguo iliyoletwa. Mwanamke mmoja alileta kanzu ya mumewe itiwe kiraka, na Mize akamuuliza bila ubaya wowote: "Kwenu mmepanda asumini?"

"Hatuna asumini sisi."

"Basi kanzu hii ilivuliwa kwenye nyumba yenye asumini."

Mume yule alilala barazani kwake kwa muda ambao hakuna aliyetaka kuutaja.

Shangazi hakumfukuza. Alicheka mpaka akashika mbavu, kisha akasema: "Mwanangu, pua yako haina kosa. Tumeiweka mahali pasipo pake. Kazi yake ipo, itafute." Akamlisha, akamvisha, na kila asubuhi akamrudia maneno hayo. Mwishowe akamtuma kwa muuza viungo wa sokoni. Mize alinusa gunia la mdalasini, akamwarifu mwenyewe kwamba humo mna maganda ya mti mwingine, akafukuzwa kabla hajaonyeshwa pa kukaa.

Alikuwa akirudi ameinamisha kichwa, akanusa sukari inayokaribia kuungua. Harufu ilitoka nyumbani kwa Bi Mgeni, mpika udi. Vipande vya udi hupikwa kwa sukari, marashi na miski, na sukari ikiungua hata kidogo, mapishi yote huwa machungu. Mize hakupiga hodi. Aliingia mbio, akaipua sufuria kwa ncha ya kanga yake.

"We mtoto! Nani aliyekufunza kuingia nyumba za watu bila hodi?"

"Inaungua, bibi."

"Haiungui! Mimi napika udi tangu mama yako hajaolewa."

Bi Mgeni akainama, akanusa. Akanusa tena. Moshi wa miaka mingi ulikuwa umeichosha pua yake. Akachovya kijiti, akaonja. Kisha akasema: "Kesho uje. Na upige hodi."

Basi Mize akajifunza. Akajua kuchagua vipande, kutia marashi kidogo kidogo, kusubiri bila kuchoka. Alikosea mara nyingi, na Bi Mgeni alimwaga mapishi yake uani bila huruma. Hata hivyo, kwa mara ya kwanza maishani, Mize alikuwa na kazi asiyoikatiza ili kutazama kama jua limeshuka.

Sasa, wapika udi walikuwa na desturi. Mwanafunzi akihitimu, udi wake wa kwanza hauuzwi. Hufukizwa katika nyumba ya mtu aliyemfungulia njia ya kazi yake, milango ikiwa wazi, ili mtaa ujue. Ni nyumba moja tu, na udi haugawanywi. Kabla haujafukizwa, hakuna anayeruhusiwa kununua kwake. Na Mize alikuwa tayari amekwisha kuombwa udi wa harusi ya mtaa wa pili, na amekodi chumba cha kuupikia.

Siku ilipofika, Mzee Vuai na Bi Mwanakheri wakaja barazani kwa Bi Mgeni, kila mmoja akitaka udi ufukizwe kwake.

"Mwanangu," akaanza Mzee Vuai, "nani aliyekwambia ukauze pua? Mtaa mzima ulinisikia! Ningekuvumilia, leo ungekuwa bado unapanga papa."

"Ulimfukuza, kaka yangu!" akasema Bi Mwanakheri. "Hukumfungulia njia, ulimfungia mlango. Mimi ndiye niliyemwambia kwamba ana kipawa, siku ambazo mwenyewe alitamani kuiziba pua yake kwa pamba."

"Ukampeleka kwa muuza viungo. Njia hiyo ilifika wapi?" akauliza Mzee Vuai.

Bi Mgeni akakohoa. "Nyote wawili mlikuwa na pua hiyo majumbani mwenu, mkaipa papa na viraka. Mimi ndiye niliyeigeuza kazi."

"Na sufuria yako, bibi, iliokolewa na nani?" akauliza Bi Mwanakheri. "Siku zote hizi anakunusia. Wewe umekwisha kulipwa."

Muuza kahawa aliyekuwa akipita akatua birika lake. "Mbona mnamsahau mwenyewe? Nani aliyeingia bila hodi? Akafukize kwake!"

Watu wakacheka. Bi Mgeni hakucheka. "Sijapata kuona hivyo," akasema taratibu. "Wala sijapata kusikia kwamba imekatazwa."

Mize akapima. Baba alitenda bila kukusudia mema. Lakini bila tendo lake, safari isingeanza. Shangazi alikusudia mema tangu mwanzo; lakini mahali alipomwelekeza hapakuwa penyewe. Bi Mgeni alikusudia na akatenda. Lakini alipata faida, na pua aliikuta tayari. Na yeye Mize aliingia kwa miguu yake. Lakini miguu hiyo ingepita mtaa ule kwa sababu gani, kama si kufukuzwa na mmoja na kutumwa na mwingine?

Kwa mbali aliiona nyumba ya baba yake. Mzee Vuai alikuwa amesugua kuta kwa ndimu na kuweka chetezo kipya cha kufukizia udi kizingitini, yeye ambaye nyumba yake haijapata kunukia. Moyo wa Mize ukaelemea huko. Akajikanya: hamu ya mtu si ushahidi. Kisha akajiuliza kama shukrani nayo huhitaji ushahidi.

Makaa yakawashwa. Mize akashika udi wake mkononi, akasimama katikati ya njia. Milango mitatu ilikuwa wazi, na wa nne, wa chumba alichokodi kwa ajili ya kazi yake, ulikuwa umeegeshwa tu. Watu wakangoja. Makaa yakaanza kuvaa majivu.

Nanyi mnaosikiliza, msijifiche nyuma ya jirani: aliyemsukuma, aliyemwamini, aliyemfunza, au aliyeingia bila hodi? Je, nani alistahili udi wa kwanza wa Mize?