Siku Inspekta Danda Alipokaa Mkekani

Hii imenifikia kutoka kwa mtu aliyetumiwa na shemeji yake, nami nimeona si vizuri kukaa nayo peke yangu. Isome ukiwa umetulia.

Palikuwa na mwigizaji mmoja jijini Tanga, jina lake Lwitiko. Aliacha kazi ya kufundisha watu udereva, akaingia kwenye tamthilia ya upelelezi ya runinga, akapewa nafasi ya Inspekta Danda, mkuu wa wapelelezi. Ukoo mzima ulipewa taarifa. Mama yake kule Tukuyu alinunua king'amuzi kwa ajili hiyo tu.

Lwitiko alijituma, tusimnyime haki yake. Alivaa miwani myeusi hata ndani ya nyumba. Alipiga meza. Aliwafokea watuhumiwa mpaka mishipa ya shingo ikamsimama. Tena alikuwa na namna yake ya kugeuka polepole mlangoni kabla ya kutoka, ambayo aliifanyia mazoezi wiki mbili mbele ya kioo cha kabati.

Tatizo ni kwamba hakuna aliyemkumbuka. Watu wa mitaani walimjua jambazi wa tamthilia, wakamjua hata mbwa wa jambazi. Siku moja sokoni, muuza nyanya alimkazia macho Lwitiko kisha akatabasamu.

"Wewe nakujua, kaka. Si ndiwe dereva wa yule inspekta?"

Lwitiko alichukua nyanya zake akaenda zake, na siku hiyo hakula vizuri.

Haikupita muda, mwongozaji wa tamthilia akamwita. Aliitwa Eliwaza, mwanamke wa maneno machache, asiyependa kumzungusha mtu.

"Kaka Lwitiko, nikuambie ukweli. Wenye kituo wanataka Inspekta Danda apigwe risasi sehemu ya ishirini. Wanasema akifa hakuna atakayeuliza."

"Na wewe unasemaje, dada?"

"Nimewaomba wasubiri. Limebaki onyesho moja zito, nalo ni lako. Unakwenda kwa mama mmoja kumpa taarifa kwamba mwanawe ameuawa. Kurasa nne, na karibu zote unazungumza wewe. Likiwagusa watu, unabaki. Lisipowagusa, sitakuwa na la kuwaambia."

Lwitiko alizibeba zile kurasa nne kila alikokwenda. Alizikariri akipiga pasi, akazikariri akioga. Zilianza hivi: "Mama, mimi ni Inspekta Danda. Mwanao Selemani ameuawa kwa risasi tatu." Kisha zikaendelea na hotuba ndefu ya kuapa kumsaka muuaji, na mwishoni kulikuwa na ngumi inayokunjwa mbele ya kamera. Aliipenda sana ile ngumi. Aliamini ndiyo itakayomwokoa.

Siku ya kurekodi ilipofika, ikatokea balaa. Mwigizaji wa kuigiza mama aliamka sauti imemkauka kabisa. Nyumba ilikuwa imeshakodiwa, taa zimeshafungwa, na kesho yake mwenye nyumba alikuwa na wageni. Eliwaza akatazama huku na huku, macho yake yakamwangukia Bi Mwantumu, aliyekuwa akiwapikia wafanyakazi wa tamthilia chakula cha mchana.

"Bi Mwantumu, leo utatusaidia kuigiza. Kazi yako ni ndogo. Mlango ukigongwa, unafungua, unauliza 'Kuna nini, afande?' Yeye anakuambia mwanao Selemani ameuawa. Wewe unaanguka, unalia. Basi."

"Hilo tu?"

"Hilo tu."

Sasa wewe fikiria. Mwanamke wa Tanga, mtu mzima, anaambiwa afungue mlango na kumuuliza mgeni kuna nini, hata hajamkaribisha. Lwitiko alipogonga na mlango ukafunguliwa, zile siku zote za malezi zikamtangulia Bi Mwantumu mdomoni. Akasahau kila alichoelekezwa.

"Karibu, baba. Pita ndani, usisimame juani."

Lwitiko akabaki na mdomo wazi. Neno lake la kwanza lilikuwa tayari kwenye ulimi, lakini hakuna aliyemuuliza kitu. Bi Mwantumu alikuwa ameshampa mgongo, anakung'uta mkeka.

"Kaa, mwanangu. Ngoja nikuletee maji. Jua la leo si la kutembelea."

Kamera inazunguka. Wafanyakazi wote wanatazamana. Lwitiko angeweza kusimama palepale katikati ya chumba na kutoa hotuba yake, na kwa kweli alitaka. Lakini yule mama alirudi na kikombe cha maji, akampa kwa mikono miwili, na ghafla Lwitiko akakumbuka siku baba yake alipofariki.

Alikuwa shule ya bweni. Jirani yao alitumwa kumchukua, na njia nzima hakumwambia kitu. Walipofika kwa jirani huyo, alipewa ugali na samaki. Alikula kwa raha, akishangaa kwa nini wakubwa hawali, kwa nini wanamtazama tu. Alipomaliza na kunawa ndipo wakamwambia.

Lwitiko akavua miwani. Hakuwahi kuivua tangu sehemu ya kwanza. Akavua na viatu, akakaa mkekani, akapokea kikombe kwa mikono miwili.

"Ahsante, mama. Uko peke yako hapa nyumbani?"

"Peke yangu. Selemani hajarudi."

"Jirani yako wa karibu ni nani?"

"Mama Hamza, hapo nyuma ya ukuta."

"Tumwite aje akae nasi kidogo."

Bi Mwantumu akamtazama usoni huyu mgeni asiyekunywa maji aliyopewa.

"Umekula, mama?" Lwitiko akauliza.

Hakuna mtu mzima asiyelijua swali hilo linapoulizwa na mgeni mwenye uso kama ule. Bi Mwantumu alikaa chini taratibu. Hakuanguka, hakupiga kelele. Alikaa muda mrefu mikono ikiwa mapajani, na Lwitiko hakuusumbua ukimya wake hata kwa kukohoa. Kisha mama akasema:

"Basi ngoja nijifunge kanga vizuri."

Akasimama, akaifungua kanga yake ya kiunoni, akaifunga upya kwa nguvu. Akaketi tena. "Haya, mwanangu. Sema."

Lwitiko akafungua mdomo aseme, akashindwa. Akaweka kikombe chini, akamshika mkono. Hapo Eliwaza akasimamisha kamera.

Aliyekuwa wa kwanza kuongea ni Bi Mwantumu, ameshikilia fundo la kanga yake. "Nimekuharibia kazi, mwanangu. Nimesahau yote mliyonifundisha. Nisamehe."

Eliwaza alitazama dirishani, akapima jua. "Kaka Lwitiko, mwanga uliobaki unatosha kurudia mara moja. Mama anaweza kuuliza lile swali, na wewe ukasema kurasa zako zote nne. Hii ndiyo nafasi yako ya mwisho, kwa hiyo amua mwenyewe."

Lwitiko aliiwaza ile ngumi. Aliwaza king'amuzi cha Tukuyu. Akamtazama Bi Mwantumu aliyekuwa bado ameshikilia fundo la kanga yake.

"Tukirudia, huyu mama itabidi aanguke chini na kupiga kelele kwa sababu yangu," alisema. "Acha ibaki hivyo, dada. Wakinipiga risasi, wanipige."

Onyesho likarushwa hewani Ijumaa. Jumatatu Eliwaza akampigia simu aje ofisini. Lwitiko alivaa shati jeupe, kama mtu anayekwenda kusomewa hukumu.

Eliwaza alimsikilizisha jumbe za sauti zilizotumwa na watazamaji. Mmoja wa Singida alisema hatamsahau yule inspekta aliyelia. Mwanamke wa Newala alisema yamemwingia yale maneno, "Mama, hili hutalibeba peke yako." Mwingine alisifu jinsi inspekta alivyomwambia mama kwamba mwanawe alikuwa kijana mwema.

"Dada, mimi sikulia," Lwitiko alisema. "Na hayo maneno sikuyasema."

"Najua. Nilidhani labda nimesahau, nikalitazama tena onyesho mara tatu. Hukulia, wala hukusema hata neno moja kati ya hayo. Kila mmoja amesikia alichokuwa anakihitaji."

Kisha akamwekea ujumbe wa mwisho, wa mwanamume mwenye sauti nzito, anayeongea polepole.

"Mimi mdogo wangu aliuawa miaka mitatu iliyopita. Niliambiwa kwa simu nikiwa kwenye foleni ya maji, nikiwa na ndoo mkononi. Simu ikakatwa. Nilirudi nyumbani na ile ndoo tupu, na tangu siku ile moyo wangu ulikuwa bado umesimama kwenye foleni. Juzi nilipomwona yule afande anavua viatu anakaa chini, nami nikakaa. Mke wangu ni shahidi. Nimeweza kumlilia mdogo wangu. Mwambieni afande ahsante."

Lwitiko aliomba ausikie tena. Eliwaza akaurudisha, halafu akamwambia kwamba wenye kituo wameifuta ile risasi ya sehemu ya ishirini, na Inspekta Danda anaendelea na kazi. Lwitiko aliitikia kwa kichwa tu. Alikuwa amefunika uso kwa mikono miwili, analia kama mtoto, na hapakuwa na kamera hata moja chumbani.

Funzo: Siku ya huzuni yao watu hawamkumbuki aliyesema mengi, wanamkumbuka aliyekuja akakaa nao. Kazi yoyote uliyopewa, usihangaike ili uonekane wewe. Mtazame vizuri aliye mbele yako, na yeye ndiye atakayekukumbuka.