Bi Kalunde na Vita vya Ng'ambo

Paukwa!

Pakawa!

Mmeitika kama walioshiba uji. Haya, sikilizeni.

Hapo zamani za kale, vita vilizuka ng'ambo ya bahari. Ngoma ikalia pu! pu! pu! Mfalme anataka watu. Katika kijiji kimoja vijana wakajipamba manyoya ya mbuni. Lugendo, mwana wa Jumbe, alijipamba kuliko wote. Alikuwa hodari wa kupigana na ugali.

Bi Kalunde, mjane aliyejua kufunga vidonda, akasema naye atakwenda kuwauguza majeruhi. Hakuna mwanamke aliyewahi kwenda. Wazee wakacheka mpaka tumbaku ikawatoka puani. Jumbe akauliza kama vita siku hizi vinapiganwa kwa mwiko. Bi Kalunde akajitwika mzigo wake, akaenda.

Huko ng'ambo akakuta hema la wagonjwa. Askari wamelala ndani, wapagazi wamelala nje topeni. Huyu anaugua, huyu anatapika, huyu amekwisha kunyamaza. Bi Kalunde akaanza kuwaburuta wapagazi ndani, buru, buru. Jemadari akaja amefura, akamwambia hema ni la wenye ngao, akiendelea atafungwa kamba.

"Nifunge," alisema Bi Kalunde. "Kisha usaha wa askari wako ukamue wewe."

Jemadari akaitazama mikono yake mwenyewe, laini kama pamba. Akaondoka. Wapagazi wakaingia, wakaoshwa, wakalishwa, na wengi wakapona.

Siku moja akaletwa Lugendo, analia kama mtoto aliyenyimwa titi. Mshale umemwingia. Wapi? Kwenye kalio! Adui alikuwa mbele, mshale ulimpataje nyuma? Msiniulize mimi, ulizeni miguu yake. Bi Kalunde akauchomoa, chwa! Lugendo akamsihi asiseme.

"Kidonda ni chako," akamjibu. "Kazi yangu ni kukifunga."

Vita vikaisha, wakarudi. Lugendo akasimulia alivyopambana na jeshi zima uso kwa uso. Akachinjiwa fahali. Alikula kasimama, wajinga wakasema ndivyo mashujaa wanavyokula.

Na Bi Kalunde? Wazee walisema mikono yake imeshika wanaume wasio wake, asichote maji kisima kimoja na wake zao. Akajenga kibanda ng'ambo ya mto. Iliuma, msidhani haikuuma. Alikaa peke yake msimu mzima.

Kisha wapagazi wakaanza kuja. Wametoka nchi za mbali, wamebeba wake zao wagonjwa na watoto wao, wanamwuliza yule mama wa hemani. Njia ikapanuka. Watu wakajaa.

Jumbe aliposikia, akavaa joho, akamvika na mwanawe joho, wakavuka mto. Akautangazia umati kwamba huyu ni binti wa kijiji chao, na wao ndio waliomtuma vitani. Mpagazi mmoja akamwomba Lugendo awaonyeshe jeraha lake la ushujaa. Lugendo akasema joho lina vifungo vingi.

Jumbe akamgeukia Bi Kalunde. "Waambie, mwanangu. Nani alikutuma?"

Bi Kalunde alikuwa anamwosha mtoto kidonda. Hakuinua kichwa.

"Nilijituma. Sogea, Jumbe, unanizibia mwanga."

Jumbe akasogea. Akasogea, akasogea, mpaka akajikuta ndani ya mto, joho limelowa.

Basi jueni hili: anayekucheka unapoondoka ndiye wa kwanza kudai alikufungia mzigo.

Hadithi yangu imekomea hapo. Aliyechomwa nayo, asisimame. Tutajua alichomwa wapi.