Fisi na Vazi Kamili

Mlioketi, mpo?

Tupo, na masikio tumekuja nayo.

Nifungue au nisifungue?

Fungua, tunasikiliza.

Nafungua taratibu, maana ndani kuna harufu.

Ngano hii niliipokea kwa bibi mzaa mama, naye aliipokea kwa shangazi yake aliyekuwa mshonaji. Wapo wa ukoo wetu wanaosema mkubwa wa ghala alikuwa Chui. Wamekosea. Alikuwa Fisi, na asingeweza kuwa mwingine, kama mtakavyoona. Jina la mji bibi hakulitaja, kwa hiyo nami silitaji.

Zamani wanyama walifanya agano. Walikuwa wamechoka kuliwa. Wakawaita Fisi na Tumbusi, wakawaambia: aliye hai asiguswe. Aliyevikwa sanda ni wenu. Fisi akaapa. Tumbusi nao wakaapa, kisha wakapewa kazi ya kukaa juu ya paa la ghala la mtama na kuangalia agano lisivunjwe. Wakakaa huko, shingo tupu, mabawa yamekunjwa. Hawakuwa wasemaji.

Fisi akapewa usimamizi wa ghala. Lilikuwa ghala la mawe, na ndani yake mlikuwa na chumba kisicho na dirisha. Wafanyakazi walikuwa Paa, Kanga, Ngiri, na Sange pamoja na dada yake. Sange ni kinyama kama panya, ila pua yake ni ndefu, nyembamba, haitulii. Dada yake ndiye aliyepepeta mtama kuliko wote, na alijijua.

Siku zikapita, hakuna aliyekufa. Mtama uliwanenepesha. Fisi alikaa mlangoni akiwatazama wakiingia na kutoka, akimeza mate. Gulu. Wakipita tena, gulu.

"Hawafi hawa," akasema peke yake. "Wana afya tele."

Akawaza. Kisha akacheka kidogo.

Asubuhi akagonga chuma. Ngo, ngo, ngo.

"Wafanyakazi, mpo?"

"Tupo, Bwana Msimamizi."

"Heshima ya kazi ni nini?"

Wakatazamana. Hakuna aliyejua.

"Ni mavazi," Fisi akasema. "Mnakuja kazini kama mnaokwenda kuchota maji. Kuanzia kesho kila mtu avae nyeupe. Nyeupe tupu."

"Bwana," Ngiri akasema, "mimi nalala kwenye matope."

"Matope ni ya nyumbani kwako. Hapa ni kazini."

Wakavaa nyeupe. Kanga akajizungusha, akasema, "Madoa yamefichika, naonekana msichana." Ngiri akasema, "Nami naonekana gunia la unga." Wakacheka, wakafanya kazi.

Siku nyingine tena, ngo, ngo, ngo.

"Wafanyakazi, mpo?"

"Tupo, Bwana Msimamizi."

"Heshima ya kazi ni nini?"

"Ni mavazi."

"Vizuri. Sasa sitaki mishono. Mishono ni ushamba. Vifungo vinaanguka kwenye mtama, na mifuko ni ya wezi. Kila mtu ajifunge kitambaa kimoja, kisichoshonwa, kisicho na pindo."

Wakafumua mishono. Wakajifunga vitambaa.

Siku nyingine tena, ngo, ngo, ngo. Safari hii Fisi alisema wananuka jasho, akamgawia kila mmoja unga mweupe wa kujipaka kifuani na kwenye viganja. Na siku nyingine tena akasema wanapiga soga mno, akamgawia kila mmoja pamba ya kuziba masikio.

Wakajipaka. Wakaziba. Ghala likawa kimya. Ungesikia mtama tu ukianguka kwenye ungo, cha, cha, cha.

Sange peke yake alishindwa kufanya kazi. Alikuwa ameunusa ule unga, na pua yake iliyokuwa haitulii ikatulia. Alikumbuka siku mama yao alipolazwa juu ya mkeka, mlango umefungwa, akina mama wanaingia na maji na kutoka na maji.

Akamvuta dada yake nyuma ya magunia, akamtoa pamba sikio moja.

"Dada, huu unga ni karafuu maiti."

"Ni manukato ya kazini."

"Ndio aliopakwa mama. Tazama na kitambaa. Hakina mshono. Na pamba hii. Dada, Fisi anatuvika sanda tukiwa tumesimama."

Dada yake akamtazama kwa huruma.

"Mdogo wangu, kila kipya kwako ni kibaya. Ndiyo maana husongi mbele." Akairudisha pamba yake mwenyewe sikioni, akaenda kupepeta.

Ndipo Fisi akatangaza vyeo. Kwa kuwa walikuwa wameziba masikio, alitangaza kwa vidole. Anayevaa vizuri kuliko wote ataingia chumba cha ndani, avishwe vazi kamili, naye atafanya kazi humo, kwenye baridi nzuri, bila vumbi. Akamwonyesha Paa kwa kidole. Wote wakapiga makofi, wala hakuna aliyeyasikia.

Paa akaingia akitabasamu. Mlango ukafungwa.

Sange akatoa pamba zake, akaenda nyuma ya ukuta, akatega sikio kwenye ufa.

"Bwana, mbona unanifunga kichwani?"

"Ndivyo lilivyo vazi kamili."

"Bwana, mbona unanifunga kiunoni?"

"Ndivyo lilivyo vazi kamili."

"Bwana, mbona unanifunga miguuni?"

"Ndivyo lilivyo vazi kamili."

 Kisha Paa akasema maneno mengine, ya haraka, ambayo bibi hakuyarudia. Juu ya paa kukasikika makucha, kwa, kwa, kwa, Tumbusi mkubwa akitembea. Akasimama penye tundu.

"Fisi, nasikia mtu anasema humo ndani."

"Agano linasema nini?" Fisi akauliza.

"Aliyevikwa sanda."

"Na huyu amevaa nini?"

Tumbusi akaweka jicho kwenye tundu. Akatazama kwa muda.

"Sanda," akasema. "Fungu letu liko wapi?"

 Sange akasikia kwaru. Akasikia kwaru tena. Akaondoka ukutani.

Jioni walipouliza, Fisi akafuta midomo, akawaashiria: Paa ana shughuli nyingi. Ijumaa iliyofuata Kanga alipanda cheo. Naye akawa na shughuli nyingi.

Kisha Fisi akamwonyesha dada yake Sange kwa kidole. Ijumaa itakayokuja ni wewe.

Dada alilia kwa furaha. Alikifua kitambaa chake, akakianika, akakifua tena. Sange alimsihi asiende kazini. Alimwambia habari ya ufa. Dada yake akamwambia, "Kama unaona wivu sema, nitakusamehe." Alimfungia mlango. Dada yake akatokea dirishani.

Basi Sange akaenda kwa Fisi.

"Shikamoo, Bwana Msimamizi."

"Marahaba. Pamba zako ziko wapi?"

"Nimezitoa nikusikie vizuri, Bwana. Nimetumwa na wenzangu. Wanalalamika."

"Wanalalamikia nini?"

"Vyeo. Wanasema kumpandisha mmoja mmoja ni upendeleo. Wanataka wapande wote, siku moja."

Gulu.

"Wote?"

"Wote, Bwana."

"Na Ngiri?"

"Ngiri ndiye anayelalamika zaidi."

Gulu, gulu. Fisi akashika ubao wa kiti. "Basi Ijumaa waingie wote."

"Shida ni vazi kamili, Bwana. Wewe ni mmoja. Ukimfunga wa kwanza, wa pili akaona, wa tatu akaona, huenda wa nne akachoka kungoja akaenda zake. Afadhali wajue kufungana wenyewe. Uwale, samahani, uwapokee kwa heshima wakiwa tayari."

Fisi hakusikia ulimi ulivyoteleza. Alikuwa akimfikiria Ngiri.

"Nitawaeleza namna ya kufunga."

"Wana pamba masikioni, Bwana. Uliagiza mwenyewe. Hawasikii maelezo, wanahitaji kuona."

"Basi nitamfunga dada yako, watazame."

 Pua ya Sange ikachezacheza kama kawaida.

"Dada yangu ni mdogo kama mimi, Bwana. Wa nyuma hawatamwona. Uwanjani hapa anayeonekana na wote ni mmoja tu."

Fisi akatazama juu ya paa. Tumbusi walikuwa wameficha vichwa chini ya mabawa, kimya.

"Wamelala," Sange akasema.

"Sitafungwa kwa kukazwa," Fisi akasema.

"Hata kidogo, Bwana."

Ijumaa, jua likiwa juu, mkeka ukatandikwa uwanjani. Wafanyakazi wakasimama kuuzunguka, weupe wote, masikio yamezibwa. Dada yake Sange alisimama mbele kabisa, kitambaa chake kinang'aa. Fisi akalala juu ya mkeka, akajifunika kitambaa kisicho na pindo, akanyoosha miguu.

"Mwaona?" akasema, ingawa walikuwa hawasikii. "Mnalala hivi. Sange, anza."

Sange akafunga kichwani.

"Mbona unakaza?"

"Ndivyo lilivyo vazi kamili, Bwana."

Akafunga kiunoni.

"Mbona unakaza?"

"Ndivyo lilivyo vazi kamili, Bwana."

Akafunga miguuni. Wafanyakazi walisogea karibu wapate kuona vizuri. Ngiri alikuwa akifuata kwa vidole vyake namna fundo linavyopita.

"Haya, wameona," Fisi akasema kutoka ndani ya kitambaa. "Nifungue sasa."

"Imebaki pamba, Bwana." Sange akaingiza mkono mdogo chini ya kitambaa, akaziba sikio la kulia, akaziba sikio la kushoto.

Kwa hiyo Fisi hakusikia. Pwaa, pwaa, pwaa. Tumbusi mkubwa alishuka kwanza, akatua pembeni mwa mkeka. Wengine wakashuka nyuma yake. Kivuli kikafunika uwanja.

"Nifungueni," Fisi akasema. "Ni mimi. Mimi mzima. Sange, mwanangu, nifungue."

Tumbusi akainamisha shingo.

"Huyu anasema."

"Amevaa nini?" Sange akamuuliza.

Tumbusi akamtazama Fisi kutoka kichwani hadi miguuni. Akatazama kwa muda.

"Sanda," akasema.

Sange akarudi nyuma. Bibi alikuwa hasimulii yaliyofuata, na mimi siyaongezi. Nasema tu kwamba wafanyakazi hawakusikia lolote. Walisimama palepale wakitazama, wakiitikia kwa vichwa, wakidhani hiyo nayo ni sehemu ya mafunzo.

Baadaye Sange alipita akiwatoa pamba mmoja baada ya mwingine. Akafungua chumba cha ndani, akawaambia waingie wakatazame walipo Paa na Kanga. Ngiri akaingia, akatoka, akavua kitambaa akakitupa. Wengine wakaingia, wakatoka, wakavua. Kilichobaki uwanjani ni rundo la vitambaa vyeupe, na hakuna aliyetaka kulipita kwa karibu.

Dada yake Sange hakuingia chumbani. Alisimama palepale.

"Dada, nenda katazame."

"Sina haja. Paa alikuwa mzembe tangu zamani, na Kanga alikuwa na kelele. Hukuwahi kuwapenda." Akajikaza kitambaa. "Ulijua leo ni Ijumaa yangu."

Wakamchagua Sange awe msimamizi, maana hapakuwa na mwingine aliyetaka kukaa karibu na kile chumba. Neno lake la kwanza lilikuwa fupi: vaeni mnavyotaka. Ngiri akaja na matope yake. Wengine wakaja na mifuko, na vifungo, na marangi yao. Soga zikarudi.

Dada yake akaja na kitambaa cheupe, kisichoshonwa, kisicho na pindo. Amejipaka unga. Alipofika mlangoni, juu ya paa shingo zote zikanyooka kwa pamoja, maana tangu siku ya Fisi Tumbusi hawakungoja tena mafundo.

Sange akamwona Tumbusi mkubwa akifungua bawa moja.

"Simama hapo," akamwambia dada yake.

"Umesema tuvae tunavyotaka."

"Simama."

Akachukua sindano na uzi mweusi, akapiga magoti mbele ya dada yake, akakunja ukingo wa kitambaa, akashona.

"Unaniharibia nguo."

"Nashona pindo."

"Pindo ni ushamba. Msimamizi aliyetangulia alikuwa na staha, hakutugusa nguo zetu."

 Sange akajichoma sindano, akaendelea. Kivuli kilikuwa kimewafikia wote wawili. Alipokata uzi kwa meno, Tumbusi mkubwa alikuwa amesimama karibu yao, ameinamisha shingo mpaka chini kwenye ukingo wa kitambaa. Akatazama kwa muda.

"Kina mshono," akasema, bila furaha. Akapanda paani.

Dada yake alikwenda kupepeta. Jioni alirudi nyumbani, akaufumua ule mshono, uzi mmoja mmoja, akakifua kitambaa na kukianika. Asubuhi akaja kazini kikiwa hakina pindo. Sange alikuwa akimngoja mlangoni na sindano. Ikawa hivyo kila siku: yeye anafumua, mdogo wake anashona, na shingo zinanyooka juu ya paa.

Na funzo lake ni hili: mfanyakazi mwema huvaa kama alivyoagizwa, haulizi agizo limetoka wapi, na cheo humjia chenyewe.

Nimefika.

Umefika, tumepokea.

Anayetaka kuongeza aongeze kwake. Mimi nimeitoa kama nilivyopewa.