Chungu cha Bi Pimbi Chini ya Mnara

Hapo zamani za kale, na msiniulize zamani ipi, maana wanyama walikwisha kuwa na simu, palikuwa na bonde lisilo na mtandao. Sungura leo tumpumzishe, amechoka kusemwa. Leo ni zamu ya Bi Pimbi wa majabalini, mfupi wa miguu, mwepesi wa akili.

Kila nyumba bondeni ilikuwa na simu, lakini zilikuwa simu za kumulika tochi na kusikilizia muziki. Mtandao ulishika mahali pamoja tu, juu mlimani, chini ya mnara. Na chini ya mnara ndipo ilipokuwa nyumba ya Chui.

Ndugu wa mbali walituma salamu zao kwenye simu ya Chui, naye akawaita waliotumiwa. Kushika simu hakumruhusu mtu. "Msihangaike," alisema, "mimi nitawasomea." Akawasomea kweli. Digidigi alisomewa kwamba ng'ambo kuna mnada, apitie Korongo la Miiba. Alikwenda, hakurudi. Mume wa Bi Pimbi naye alisomewa yake, akaenda, ikarudi kofia tu, imeletwa na maji ya mvua. Wanyama walisema ni ajali. Bi Pimbi aliiokota kofia ile, na tangu siku hiyo jina la korongo lile hakulisahau.

Sasa asubuhi moja Chui akamwita.

"Shikamoo, Bwana Chui."

"Marahaba, bibi. Nina habari njema. Binti yako Siwatu amejifungua huko kwa mumewe. Mtoto wa kwanza, dume! Anakuita ukambebe mjukuu. Pitia Korongo la Miiba, ndiyo njia ya mkato. Nenda leo hii adhuhuri."

Bi Pimbi alitaka kupiga kigelegele, akakikatiza. Kwa pimbi, wanangu, mtoto wa kwanza hazaliwi ukweni. Mimba ikikomaa, binti hurudi kwa mama yake, akajifungulie huko na kukandwa maji ya moto. Chui angejuaje? Anaishi peke yake, hana mkwe wala wa kumkanda.

Basi Siwatu hajajifungua, aliwaza. Ameandika kwamba anakuja. Na Chui amemjibu apite wapi?

Akajikaza.

"Ahsante, baba. Ila sisi pimbi tuna mila yetu. Bibi akiletewa habari ya mjukuu, humwachia mleta habari chungu kilichofungwa mdomo kwa kitambaa. Hakifunguliwi mpaka bibi arudi. Ukikifungua mapema, kitamwita mwenye nguvu kuliko wewe."

Chui alicheka moyoni. Huyu arudi kutoka wapi? "Kilete, bibi. Kiweke hapo penye mguu wa mnara."

Bi Pimbi alishuka mbio, puku puku puku, akauita ukoo mzima.

"Siwatu yuko njiani," alisema, "na Chui anamngoja korongoni."

Dada yake akaangua kilio.

"Utalia baadaye, dada. Nipeni simu zenu zote."

Mnajua pimbi wanavyojilinda? Mmoja hukaa kwenye jabali la juu. Akiona hatari hulia, wa jabali la pili hupokea, wa tatu hupokea, mpaka ukoo wote unajua. Bi Pimbi alifanya vivyo hivyo kwa simu. Simu ya kwanza ikae chunguni, inase mtandao wa mnara na kuirushia simu ya jabali la pili. Hiyo nayo iirushie ya jabali linalofuata, hivyo hivyo mpaka majabali ya juu ya korongo.

Kabla ya kukifunga chungu aliuambia ukoo wote ulie kwa pamoja, akakirekodi kilio kile, akakifanya ndio mlio wa simu ya chunguni. Aliyewahi kumsikia pimbi akilia anajua. Mnyama mwenyewe ni mdogo, lakini sauti yake inaweza kumwamsha maiti.

Chungu kikawekwa. Chui hakukitazama hata mara mbili. Alikuwa akishuka korongoni, akilamba midomo. Mama atokee huku, binti atokee kule.

Bi Pimbi akalala kifudifudi juu ya jabali la mwisho, simu mkononi. Akaikazia macho. Kimya. Akaanza kuogopa kwamba mtandao hautafika, au umefika na amechelewa.

Ti!

Simu ya Siwatu ilizijua simu za nyumbani, ilipokaribia ilijiunga nazo yenyewe. "Mama, Bwana Chui kaniandikia kwamba unanisubiri korongoni. Nimeshaingia. Mbona sikuoni?"

Bi Pimbi akachungulia chini. Kwenye nyasi aliona mkia wa madoa ukicheza. Mbele ya mkia ule, Siwatu anakuja taratibu, mkono kiunoni, kifurushi kichwani. Kumwita hawezi, ataitika. Akaandika haraka hata akakosea herufi.

"Simama. Usiite mtu. Panda jabali la kushoto kwako, polepole."

Siwatu akasimama. Akasoma. Akaanza kupanda, na mimba ile nzito. Kijiwe kikamponyoka chini ya mguu, kwaru kwaru kwaru.

Chui akainua kichwa. Akamwona. Akajikunja aruke.

Bi Pimbi akaipigia simu iliyo chunguni.

Wiiiiiii! Nguruuuuu! Mlima mzima ukavuma. Chungu kilikivimbisha kilio kile mpaka kikawa ngurumo.

Chui akaganda. "Nani yuko nyumbani kwangu?"

Kikalia tena. Akamsahau Siwatu, akapanda mbio kwenda kuiokoa nyumba yake. Alipofika uani hakuona mtu, ila chungu kinatikisika chenyewe. Akasogea akinusa. Wiiiiiii! Kikamlilia usoni, na lile neno la bibi likamrudia.

"Simba, baba yangu, nisamehe, nyumba chukua!" Akaruka ua, akateremkia upande wa pili, na bondeni hakuonekana tena.

Juu ya jabali Bi Pimbi alimkumbatia bintiye. Kisha akampokea kifurushi, wakashuka nyumbani.

Siwatu alijifungulia kwa mama yake, akakandwa kama mila inavyotaka, na bibi mwenyewe akamwandikia mkwewe kwa mkono wake. Chungu kilibaki pale pale, na kila jabali likawa na simu yake, hata mtandao ukafika mpaka mtoni. Mke wa Digidigi naye alipanda jabalini akasoma mwenyewe, neno kwa neno, akitafuta salamu kutoka kwa mumewe. Hazikuwapo. Aliketi pale akalia, na wenzake wakaketi naye.

Basi kumbukeni, wanangu: anayekusomea habari zako zote ndiye anayekuchagulia njia.